Uzi: Katiba ya Kenya ya 2010 ni amana au ni mauzo? (Maneno yaliyoanzia kwenye injini ya mashua, Amu, yaani Lamu)

#1 – Mwenye uzi

Assalamu alaykum wana jukwaa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Ami yangu ana mashua iliyoundwa Matondoni. Magoti yamemkataa, haendi tena baharini, kwa hivyo akamkabidhi chombo nahodha mmoja kijana wa hapa hapa kwetu. Mgawo wao ni ule tuujuao: wakirudi hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu, kisha fungu la chombo, fungu la injini na nyavu, kilichobaki ni cha nahodha na mabaharia. Mambo yalikwenda vyema mpaka Shaabani, siku ami alipoteremka pwani akaikuta mashua imefungwa, nyuma kutupu. Injini haipo. Nahodha alikuwa na deni dukani, akaifungua injini akaenda kuiweka rehani.

Usiku ule ule baada ya isha watu wakakaa dakani, kibarazani kwa ami. Nahodha hakukana. Alijitetea kwa neno lililonikaa kichwani mpaka leo: "Usukani mlinipa mimi. Chombo kikiwa baharini, mwenyewe si yule mwenye usukani?" Mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani, mzee wa miaka themanini na kitu, akangoja kikombe chake kijazwe, akasema: "Baharini wewe ni nahodha. Mwenye chombo ni mwenye chombo. Ulipewa amana, na amana haiwekwi rehani."

Mpwa wangu asomaye sheria alikuwa kando na simu yake. Akacheka. "Mwalimu, hicho ni Kifungu cha 73 cha Katiba."

Kahawa ilipoa hapo. Mimi nafundisha historia sekondari, na kwa miaka nimekuwa nikiwasomesha watoto Katiba kama orodha ya kukariri: sura ngapi, kaunti ngapi, seneta ni nani. Sikuwahi kukaa nikajiuliza fikra iliyo chini yake ni ipi. Usiku ule nikarudi nyumbani nikaifungua upya.

Mpwa wangu hakutia chumvi. Kifungu cha 73 chasema mamlaka anayopewa afisa wa dola ni amana ya umma, na kwamba kinachomwangukia ni wajibu wa kuwatumikia watu badala ya nguvu za kuwatawala. Rudi nyuma mpaka Kifungu cha 1: mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja, au kupitia waliowachagua. Halafu yatajwa waliokabidhiwa: Bunge na mabunge ya kaunti, serikali ya kitaifa na za kaunti, mahakama. Ukifika Kifungu cha 94, waambiwa tena kwamba mamlaka ya Bunge yatoka kwa watu. Cha 129, ya serikali yatoka kwa watu. Cha 159, ya mahakama yatoka kwa watu. Ni kama mzazi anayemrudia mtoto neno moja akijua mara ya kwanza halikushika.

Walioandika walikuwa na sababu ya kurudia, na sababu yenyewe ni ubishi wa zamani sana. Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes, nchi yake imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na mfalme Charles wa Kwanza amekatwa kichwa miaka miwili nyuma, aliandika kwamba watu wasipokuwa na mtawala huishi kwa kuogopana, kila mmoja na upanga wake. Dawa aliyoitoa ni kila mtu atoe haki yake ya kujitawala ampe mmoja, na mmoja huyo awalinde wote. Sasa sikiliza hapa: mtawala mwenyewe hayumo kwenye mkataba. Ni watu walioandikiana wao kwa wao. Basi hawezi kuambiwa kavunja mkataba, maana hakuahidi kitu.

Miaka 38 baadaye akaja John Locke akaligeuza. Akasema watu hawakutoa mamlaka yao yasirudi tena, waliyaweka kwa mtawala kwa kazi maalumu: alinde uhai wao, uhuru wao na mali zao. Akiitumia nguvu hiyo kinyume cha kazi aliyopewa, mamlaka yarudi kwa wenyewe na wana haki ya kuyaweka pengine. Neno alilolitumia kwa Kiingereza, sisi wa huku kwa karne nyingi twaliita amana.

Kwa hivyo usiku ule dakani kwa ami, nahodha alikuwa upande wa Hobbes na mwalimu upande wa Locke, na hakuna kati yao aliyewahi kuwasoma.

Ningeishia hapo kama ningekuwa naishi mji mwingine. Lakini mimi ni mtu wa Amu, na kila asubuhi nikienda kununua mikate napita Mkunguni, mbele ya Ngome.

Wageni wanapigwa picha pale bila kujua wanapigwa picha na nini. Amu ya kale haikuwa na sultani kama Pate. Mui uliendeshwa na wazee, nao wazee walikuwa pande mbili, Suudi na Zena, wakivutana kwelikweli. Halafu karibu mwaka 1812 Pate wakiwa na Mazrui, watawala wa Mombasa, wakaja kutupiga, wakashuka Shela, wakashindwa vibaya. Mpaka leo wazee husema mifupa ilikuwa ikionekana mchangani. Ushindi mkubwa. Na baada ya ushindi wazee wetu walifanya nini? Waliogopa. Waliona Mombasa watarudi kulipiza. Wakapeleka ujumbe Oman kwa Seyyid Said awalinde, naye akaleta liwali na askari, na Ngome ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Huyo ndiye Hobbes, nasi tulimtekeleza bila kumsoma. Watu waliotoka vitani, tena washindi, wakatoa kujitawala kwao wakanunua ulinzi. Siwalaumu, ningekuwa hai wakati ule huenda ningeshika wino mwenyewe. Lakini fuateni habari ya lile jengo. Kutoka 1910 mpaka 1984 Ngome ya Amu ilikuwa jela. Kilichojengwa kuwalinda wana wa Amu kikawa mahali pa kuwafungia. Baba yangu akinituma sokoni nilikuwa nasikia wafungwa wakikohoa ndani.

Kutoka kwa Oman tukaingia Zanzibar, na 1895 ikaja Himaya ya Mwingereza. Hapa kwetu pwani, ule ukanda wa maili kumi na visiwa vyetu, Mwingereza hakuununua wala hakuuteka rasmi: aliukodi kwa Sultani, akalipa kodi kila mwaka. Fikirieni maana yake. Mamlaka juu ya watu yalikuwa na mpangaji na mwenye nyumba, na waliomo ndani ya nyumba hawakuwa hata mmoja wa hao. Oktoba 1963 Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua, ukanda ukaingia Kenya. Barua zilitaja mahakama za kadhi na hati za ardhi, nashukuru kwa hilo. Lakini kura ya watu wa ukanda wenyewe juu ya barua zile haikupigwa.

Na Katiba ya uhuru? Ilikuja ikiwa imefungiwa ndani ya amri ya Malkia wa Uingereza. Alikuwa ni yeye anayetoa. Ile ya 2010 yaanza na "Sisi" na yaishia utangulizi wake kwa kusema twajipa wenyewe Katiba hii na tunawapa watakaokuja nyuma yetu. Kwa mwanafunzi ni sentensi ya kukariri. Kwangu mimi sasa ni swali la hati ya chombo: jina la nani limeandikwa pale juu?

Injini iliwekwa rehani mara ngapi kati ya hapo? Niwape chache. 1966 Seneti ikafutwa. 1982 Bunge likatia kifungu cha 2A, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, kikakaa mpaka Desemba 1991. 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kazi zao. Kila mara waliofanya hivyo walikuwa wabunge waliochaguliwa, wakapiga kura, wakafuata taratibu. Hoja yao ilikuwa ile ile ya nahodha: usukani mlinipa mimi.

Aliyeivunja hoja hiyo mahakamani ni kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, 2004. Mahakama Kuu ikasema Bunge laweza kurekebisha Katiba lakini haliwezi kuifuta na kuleta nyingine, maana uwezo wa kuunda Katiba ni wa watu wenyewe, nao huutumia kwa kura ya maoni. Fikra hiyo ina baba yake: kasisi wa Kifaransa Sieyès, aliyetofautisha mwaka 1789 kati ya nguvu inayounda na nguvu iliyoundwa. Chombo hakimuundi fundi. Ndiyo maana 2005 tukapiga kura, ndizi ya ndiyo na chungwa la hapana, na ndizi ikaanguka. Na ndiyo maana tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga tena, tukasema ndiyo kwa takriban asilimia 67, na Kibaki akaitia saini tarehe 27 mwezi huo.

Baina ya kura hizo mbili palikuwa na damu ya baada ya uchaguzi, 2007 na 2008. Mwenye kumbukumbu anajua Hobbes alikuwa karibu sana kutushinda mwaka ule. Watu waliokatana mapanga huwa tayari kumpa yeyote chochote ili walale. Kwamba hatukumpa mtu mmoja upanga wote, bali tukaandika Kifungu cha 73, mimi naona ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Nina moja la kulalamika, kisha niwaachie. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haya. Sasa fungua cha 259: nakala za lugha tofauti zikigongana, ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Yaani hati ya chombo ipo kwa lugha ya mwenye chombo, lakini wakibishana itasomwa ile ambayo ami yangu hawezi kuisoma. Nimelisema hili darasani, kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani sisi ndio tuliotafsiriwa?"

Karibuni.

#2

Nimeweka kambi. Injini ilirudi?

#3

Uzi wa maana baada ya siku nyingi za mpira. Ila mwenye uzi, injini?

#5

Ustadh, nimesoma mpaka mwisho na nina la kusema kwa heshima. Sisi Waislamu hatuwezi kusema mamlaka yote ni ya watu tukanyamaza. Mamlaka ni ya Mwenyezi Mungu, mwanadamu ni khalifa tu hapa duniani. Hao Hobbes na Locke walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka mamlaka baada ya kumtoa Mungu. Wewe unatuletea falsafa ya watu waliochoka na makanisa yao, unaivisha kanzu.

#6 – Mwenye uzi

Sheikh wangu, ahsante, nilikuwa nikikungoja.

Kwanza, utangulizi wa Katiba wenyewe waanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wamarekani katika Katiba yao ya 1787 hawakufanya hivyo, sisi tulifanya.

Pili, na hili ndilo lililonishangaza nilipolisoma: Locke hakumtoa Mungu. Hoja yake nzima imesimama juu yake. Asema wanadamu wote ni kazi ya mikono ya Muumba mmoja, ni mali yake, na wako hapa kwa muda autakao Yeye. Kwa hivyo mtu hana haki ya kujiua, hana haki ya kujiuza utumwani, na asichokuwa nacho hawezi kumpa mfalme. Mtawala hawezi kuwa na nguvu ya kukuua ovyo kwa sababu wewe mwenyewe huna nguvu hiyo juu ya nafsi yako. Huoni hiyo ni amana ndani ya amana? Ami ana mashua, lakini pumzi ya ami si yake.

Kifungu cha 19 chasimama hapo hapo: haki ni za kila mtu, hazikutolewa na dola. Hakimtaji Mungu katika mstari ule, lakini wewe na mimi tunajua swali linalofuata: kama dola haikuzitoa, zilitoka wapi? Mwingine atajibu utu. Wajerumani baada ya Hitler, 1949, waliweka heshima ya mwanadamu kifungu cha kwanza kabisa, Afrika Kusini wakaifuata njia hiyo 1996, nasi tunayo kwenye cha 28. Katiba imeacha mlango huo wazi ili wewe uingie na Qur'ani yako, jirani aingie na Biblia, na mwengine aingie na utu wake, mkutane sebuleni. Huko kuacha mlango wazi mimi nakuona ni hekima, wewe waweza kukuona ni woga. Siwezi kukulazimisha.

Tatu, ili nisionekane nampamba mtu: Locke huyo huyo alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza Waafrika. Na kabla hatujamcheka, mashamba yetu ng'ambo ya bara yalilimwa na watumwa, na hapa pwani utumwa ulikomeshwa kisheria 1907. "Watu" limekuwa neno la kubana na kupanuka siku zote.

#8

Kwa neno "watu" nami nina langu, kaka zangu. Mimi ni mwanamke wa Siyu.

Mwaka 2010 kelele zote zilikuwa ni mahakama za kadhi. Makanisa mengi yalizipinga, mpaka Mei ile Mahakama Kuu ikatoa hukumu dhidi ya kifungu cha kadhi katika Katiba ya zamani. Sisi huku tukapiga kura ya kijani, ya ndiyo, kuzilinda. Vyema. Sasa Kifungu cha 170 kimezipa mipaka: ni hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa na mahakama hiyo. Na cha 24 kimeruhusu usawa upunguzwe kiasi kinachohitajika kwa sheria ya Kiislamu katika mambo hayo.

Soma hilo neno "wamekubali". Lapendeza. Sasa niambieni: marehemu baba yangu ameacha nyumba na minazi, ndugu zangu wa kiume wanne wamekaa nje ya mlango wa kadhi wananingoja, mama ananiangalia. Nina uhuru gani wa kusema sikubali? Sisemi fungu langu la sharia si haki, hilo nimeliridhia kwa dini yangu. Nasema kuridhia kwenyewe hakupimwi na mtu. Hao wanafalsafa wenu walipima kuridhia kwa nini?

#9 – Mwenye uzi

Dadangu, umenikalisha chini.

Kuna Mskoti, David Hume, aliuliza swali lako mwaka 1748, na kwa bahati mfano wake ni wa baharini. Wenzake walikuwa wakisema mtu akiendelea kuishi nchini basi ameridhia serikali yake. Hume akajibu: ni sawa na kusema mtu aliyepakiwa chomboni amelala ameridhia amri za nahodha, kwa kuwa hajajitosa majini. Akijitosa, anakufa. Hiyo ni ridhaa?

Sina jibu lililo bora kuliko swali lako. Ninaloweza kusema ni kwamba Katiba ya 2010 haikuridhika na ile kura moja ya Agosti. Ilijaribu kuifanya ridhaa iwe jambo la kila mara: Kifungu cha 10 kimeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa, na mahakama zimekataa kulichukulia kama pambo. Waulize wavuvi.

#11

Mumetaja wavuvi nami niko Kizingitini, basi niseme.

Sisi bandari ya Lamu hatukuisikia barazani. Tulijua mambo yameanza tulipoona mitambo ikichimba mle tulimokuwa tukienda kwa kamba na kwa samaki wa mikokoni. Mashua zetu ni ndogo, zetu ni za ndani ya ghuba, za kufuata maji. Ukituambia twende nje kwenye mkondo, watuambia tufe. Wazee wakaenda mahakamani, kesi ikachukua miaka. 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zetu zilivunjwa, ya mazingira, ya utamaduni, ya kuulizwa, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Mimi sijasoma huyo Loki. Ila siku ya hukumu mzee mmoja hapa alisema neno: "Leo jaji ameuliza mulimuuliza nani." Basi. Hilo ndilo nililolielewa.

#12 – Mwenye uzi

Na mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Sababu mojawapo kubwa ni hiyo hiyo: watu hawakushirikishwa inavyopaswa. Kuna mfano mmoja wa mwanafalsafa Rousseau, 1762: aliwacheka Waingereza kwamba wajiona huru, kumbe wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, wakishawachagua warudi utumwani. Kifungu cha 1 kinaposema watu waweza kutumia mamlaka yao moja kwa moja, kinamjibu Rousseau. Mwenye chombo anaruhusiwa kushuka pwani kukagua kabla ya uchaguzi. Ami yangu angeshuka Rajabu, injini ingekuwa bado ipo.

#14

Nyote mwazunguka. Mwenye uzi mwenyewe amesema: 1963 hatukuulizwa. Basi 2010 tuliulizwa nini? Tuliulizwa kama twaipenda Katiba ya Kenya, hatukuulizwa kama sisi ni watu wa Kenya. "Sisi" imeandikwa kabla ya kura kuamua nani yumo. Hume wako ndiye mwenye haki, tulipakiwa tumelala.

#15 – Mwenye uzi

Ni hoja nzito na sitaikimbia. Kila kura ya "sisi watu" ina tatizo hilo duniani kote: lazima kwanza ujue sisi ni nani ndipo uhesabu kura, na hakuna kura iliyowahi kuamua hilo la kwanza. Wamarekani wa 1776 walisema wanadamu wote ni sawa, na aliyeandika, Thomas Jefferson, alimiliki mamia ya watumwa maishani mwake. Rasimu yake ilikuwa na aya ya kulaani biashara ya watumwa, wenzake wakaifuta.

Ila tofauti yangu na wewe ni hii. Mtu aliyepakiwa amelala akiamka ana njia zaidi ya mbili. Anaweza kujitosa, anaweza kulala tena, na anaweza kudai hati ya chombo isomwe mbele ya wote. Wavuvi wa Kizingitini walichagua hii ya tatu, kwa Katiba hii hii. Kifungu cha 61 kinasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya kama taifa, kama jamii na kama mtu mmoja mmoja. Cha 63 kinataja ardhi ya jamii. Ukiniuliza kama yametekelezwa hapa Lamu nitakwambia nenda kaangalie mwenyewe hati za mababu zetu ziko wapi. Lakini ni maandishi ya kumshika mtu nayo, na 1963 hatukuwa nayo mikononi.

#17

Mpwa wa mwenye uzi hapa, yule wa simu. Mwenye uzi amesahau sehemu tamu kuliko zote: je, wenye chombo wenyewe wanaweza kukiuza?

Hili lilifika mahakamani kwa kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema Katiba ina muundo wa msingi usioguswa kwa marekebisho ya kawaida. Ukitaka kuubadilisha, rudi kwa watu kwa elimu ya uraia, ushirikishwaji, baraza la kuunda katiba, kisha kura ya maoni. Fikra hiyo walichota India, kesi ya Kesavananda ya 1973, iliyoamuliwa kwa majaji saba dhidi ya sita. Mahakama ya Rufaa ikakubali Agosti. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaikataa kwa wingi wa majaji: Kifungu cha 255 tayari kimeweka kura ya maoni kwa mambo makubwa, hakuna haja ya kuleta kufuli la pili. Lakini ikashikilia kwamba rais hawezi kujivika vazi la mwananchi akaanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi.

Mimi nasimama na Mahakama Kuu. Ami mwenye mashua ana wajukuu. Chombo kimetajwa kuwa cha watakaokuja pia, kwa hivyo hata yeye ni mwenye amana.

#18 – Mwenye uzi

Na mimi nasimama na Mahakama ya Juu, mpwa wangu, kwa sababu sipendi majaji wawe nahodha mpya. Tutaonana nyumbani.

#19

Kura ya maoni yetu sisi wasomaji: INJINI ILIRUDI?

#20 – Mwenye uzi

Ilirudi. Mwenye duka alidai pesa yake kwanza, nahodha hakuwa nayo, ikabidi ami akope kwa shemeji yake aikomboe. Nahodha akatolewa chomboni usiku ule ule, na wiki ya pili tukasikia amepata mashua nyingine upande wa Faza. Ami sasa hushuka pwani kila alasiri na mkongojo wake, anaishika injini kwa mkono, anaizunguka. Propela si ile.